Kibakuli cha Dirishani kwa Mwatima

Mji wa hadithi hii hauko mbali. Kila mmoja wenu amekuja nao hapa alipoketi, na ataondoka nao. Ni mji wa ndani ya mwili, na wenyeji wake ni seli, watu wadogo kiasi kwamba elfu kumi wakisimama juu ya kichwa cha pini, wa mwisho bado atapata pa kukanyaga. Wasomi wa tiba wana majina yao marefu kwa watu hawa. Sisi tutawaita majina ya nyumbani. Basi tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo, maana mwishoni pana kazi, na kazi hiyo ni yenu.

Palikuwa na watu wanne, kila mmoja na kipaji chake.

Faki alikuwa mlinzi wa Mtaa wa Mapafu, na kipaji chake kilikuwa kula. Hakumuuliza mgeni katoka wapi wala anakwenda kwa nani. Akimwona si wa mji, humkumbatia na kummeza. Upungufu wake ulikuwa mmoja: hakuwa na kumbukumbu. Adui aliyemla jana, leo angemtazama kama mtu asiyemjua kabisa.

Siwatu alikuwa mpeleka habari. Kipaji chake kilikuwa kuchana kipande cha vazi la adui, kukiinua juu, na kutembea nacho bila kukidondosha hadi kimfikie anayekijua.

Mize alikuwa mhunzi wa pingu. Pingu zake hazikuwa za mkono wowote tu. Kila aina ilitosha mkono mmoja duniani, na ikishatosha haikufunguka tena.

Wa nne ni Machano, ambaye tutaandamana naye zaidi. Huyu alikuwa msomaji wa vibakuli, na hapa lazima desturi ya mji ielezwe.

Katika mji ule kila nyumba huweka dirishani kibakuli chenye tonge la kilichopikwa ndani siku hiyo. Si sadaka, wala si kwa ajili ya mpita njia mwenye njaa. Tonge lile ni la kusomwa. Machano na wenzake hupita mitaani wakitazama: hiki cha nyumbani, hiki cha nyumbani, salama, salama. Wakikuta tonge la kigeni, hubisha mlango. Hubisha mara moja tu. Nyumba iliyobishwa na Machano hujikunja kutoka ndani, ukuta juu ya ukuta, kama nguo inavyokunjwa kabla ya kutiwa sandukuni, na kila kilichomo ndani hukunjwa pamoja nayo.

Mkono wa namna hiyo haupewi kila mtu. Machano alisomea katika Tezi, nyuma ya mfupa wa kifua, ambako wanafunzi huonyeshwa vibakuli vyote vya mji, kimoja baada ya kingine. Aliyenyoosha mkono ili abishe nyumba yenye chakula cha nyumbani hakurudi darasani, na hakurudi kwao pia. Waliingia mia, wakatoka watatu. Machano alikuwa mmoja wa hao watatu, na tangu siku hiyo mkono wake ukawa mzito. Alioa Mtaa wa Mapafu, kichochoro cha nne, akamwoa Mwatima, dada yake Faki. Faki alimtania kila walipokutana: shemeji, mkono huo utaweza lini kufikisha tonge mdomoni? Mwatima aliwasikia akacheka, kisha akaenda kuweka kibakuli chake dirishani. Hakuwahi kusahau hata siku moja.

Ndipo wakaja wageni wasio na jiko.

Hiyo ndiyo habari yao yote, kwamba hawana jiko. Peke yao hawawezi kupika, kula wala kuzaa. Huja na ufunguo wa kughushi, wakaingia nyumba ya mtu, wakamwambia mpishi aache chakula chake na awapike wao. Mpishi akishashikwa hana la kufanya. Hupika mgeni wa pili, wa tatu, wa mia, hadi nyumba inapasuka na wote wanamwagika nje kutafuta majirani. Waliingia na pumzi moja, asubuhi, na kabla ya jua kutua walikuwa wameshika nyumba sitini.

Faki ndiye aliyewagundua, kwa harufu. Akala wa kwanza, akala wa kumi, akaona hawapungui, akapiga mbiu ya joto. Mji mzima ukapanda moto, kwa sababu katika joto wageni wale hupika polepole. Vijana wa zamu wakaja mbio kutoka kwenye damu, wakapigana na kufa palepale waliposimama, hata njia za mtaa zikawa na utelezi. Faki alisimama siku nne bila kuketi. Kwa hasira aliangusha pia kuta za nyumba zisizo na kosa, na hilo litakuja kusemwa. Lakini bila yeye, siku ya pili pasingekuwa na mtaa wa kutetea.

Siwatu hakupigana. Katikati ya vurugu la siku ile ya kwanza alichana kipande cha vazi la mgeni, akageuka, akaondoka. Faki alimwita mwoga mbele ya watu. Siwatu akaendelea kutembea. Akaingia katika mfereji ule mwembamba ambao hausukumwi na moyo, ambao maji yake huenda kadiri mwili unavyojigeuza kitandani, na mwili huo sasa ulikuwa umelala bila kujigeuza. Alitumia siku nzima kufika Kituo, mahali wanapokutania wasomaji na wahunzi wa mji. Alipofika akainua kile kipande, akasimama.

Sasa, wasomaji na wahunzi wa mji huzaliwa kila mmoja na sura moja kichwani, sura ya adui mmoja ambaye hajawahi kumwona na huenda asimwone maisha yake yote. Wakapita mbele ya Siwatu. Mmoja alitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Wa pili hivyohivyo. Wakapita elfu, wakapita elfu nyingine, na kila aliyepita aliacha nyuma yake habari kwamba mtaani nyumba zimefika elfu tisa. Siwatu hakuishusha mikono yake. Angekishusha kile kipande kwa kupumzika tu, aliyekuwa nacho kichwani angepita bila kukiona.

Jioni ya siku ya pili akapita Machano, akasimama.

"Ndiye huyu," alisema.

"Una hakika? Nimechoka, usinitanie."

"Nimezaliwa ninamjua. Umemtoa mtaa gani?"

Siwatu alikishusha kile kipande. Kisha akamwambia: Mtaa wa Mapafu, kichochoro cha nne.

Machano alitaka kuondoka palepale, akazuiwa. Watu wa kazi yake wakishaitwa, mmoja huwa elfu, na kuwa elfu kunataka muda. Kwa siku tatu alibaki Kituoni akiongezeka, wawili, wanne, wanane, huku joto likipanda na habari zikija, na katika habari hizo hakuna aliyemtaja Mwatima. Pembeni yake Mize, aliyezaliwa na sura ileile, alikuwa amewasha tanuri. Machano akamuuliza pingu zitakuwa tayari lini. Mize akasema siku ya saba. Machano akasema siku ya saba ni mbali. Mize, bila kuinua macho, akamwambia pingu isiyotosha ni bangili tu, na yeye hakuitwa kutengeneza bangili.

Siku ya tano jeshi la Machano likaingia Mtaa wa Mapafu na kugawanyika. Elfu ile yote ilikuwa yeye, lakini kichochoro cha nne alikwenda mwenyewe, yule wa kwanza, aliyesimama mbele ya Siwatu.

Akakuta kichochoro kimya na madirisha yote yamefungwa.

Hiyo ndiyo hila ya wageni wasio na jiko. Wakishashika nyumba humwamuru mpishi avute kibakuli ndani. Na Machano alifundishwa kusoma. Hakufundishwa kukisia. Pasipo na kibakuli hana ushahidi, na pasipo na ushahidi mkono wake haunyooki. Alipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya sita. Alipofika mbele ya nyumba yake aliona dirisha limefungwa kama mengine, na mioyo ya watu ina mambo yake, akashukuru. Sheria ilimruhusu kupita. Aliinua mguu.

Dirisha likafunguka. Halikufunguka lote, upana wa mkono tu. Mkono ukatoka, ukaweka kibakuli kwenye kizingiti, nje.

"Soma," Mwatima alisema kutoka ndani.

Machano akatazama. Chini kulikuwa na chakula cha nyumbani, kile alichokizoea. Juu yake palikuwa na tonge moja, na katika tonge hilo ile sura aliyozaliwa nayo.

"Chakula cha nyumbani kipo," alisema.

"Hicho ni cha juzi. Soma kilicho juu, mume wangu."

Hakusoma. Au tuseme alisoma, akasoma tena, kama mwanafunzi anayetumaini herufi zitabadilika. Katika Tezi aliwaona wenzake tisini na saba wakiondolewa kwa kunyoosha mkono kwenye nyumba ya mwenyeji, na kila alichofundishwa pale kilimwambia asubiri. Akasubiri. Nyumba moja ikapasuka nyuma yake. Nyingine ikafuata. Wageni wakapita miguuni pake, wakaingia nyumba za kichochoro cha jirani.

"Walikufundisha kubisha mara ngapi?" Mwatima aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepika na kuzungumza pamoja, kwa sababu alikuwa anapika, hakuweza kuacha.

"Mara moja."

"Basi bisha, Machano. Nimekaribia kujaza nyumba."

Akabisha mara moja.

Nyumba ikajikunja kutoka ndani, polepole, bila kelele, na wageni mia waliokuwa wamebakisha dakika chache watoke wakakunjwa nayo. Kibakuli peke yake kilibaki, kwa kuwa kilikuwa nje ya dirisha. Machano alikiokota. Alipoinua kichwa aliona dirisha la nyumba ya pili limefunguka upana wa mkono. Kisha la tatu. Kichochoro kizima, wapishi walioshikwa wakaanza kutoa vibakuli nje, mmoja baada ya mwingine, na Machano akapita akibisha.

Nyuma yake alikuja Faki kusafisha, maana vilivyokunjwa lazima viliwe, la sivyo vinaoza na mtaa unaumwa upya. Alipofika mahali pa dada yake alisimama. Waliokuwepo wanasema ndiyo mara pekee Faki alionekana akila taratibu.

Siku ya saba, kama alivyoahidi, Mize akashusha pingu. Zilishuka na damu kwa mamilioni. Za kwanza zililegea kidogo, akazitupa, akafua upya. Za pili zikatosha. Mgeni aliyetoka katika nyumba iliyopasuka alikamatwa njiani kabla hajagusa mlango mwingine, akabaki anaelea amefungwa, na Faki akawala hao bila jasho. Siku ya nane nyumba zilizoshikwa zikawa mia. Siku ya tisa hapakuwa na hata moja.

Nje ya mji, mwanamke mwenye mwili huo akafumbua macho na kuomba uji. Mume wake, aliyekuwa akimfuta uso kwa kitambaa chenye maji siku zote tisa, alikwenda jikoni akasimama kitambo kabla ya kuweza kuwasha moto. Lakini mjini hawakuyajua hayo. Walijua tu kwamba joto limeshuka.

Vita vikiisha, mji ule una sheria ngumu. Walioitwa vitani huyeyuka. Jeshi likibaki bila kazi huanza kubisha milango ya wenyeji wenyewe, na miji iliyofia hivyo inajulikana. Hubaki wachache, wanaopelekwa ndani ya mfupa, katika Uboho, wakae humo miaka na miaka wakimkumbuka adui, ili akirudi mbiu ipigwe siku hiyohiyo. Kwa kawaida viti huwa vingi. Safari hii joto lilikuwa kali, likaviunguza, na Bi Mboja, msimamizi wa Uboho, alitoka mlangoni akasema kimebaki kimoja. Mwenye kukikalia ataishi. Wengine watayeyuka kabla mlango haujafungwa, na mlango ulikuwa umeanza kufungwa.

Akawauliza kila mmoja ana neno gani.

Faki alisema yeye alisimama siku nne peke yake, na ndugu zake wa zamu wamekufa wote. Mize akamkumbusha kuta za majirani. Faki akakubali, akasema ukuta ulioanguka unajengwa, lakini mtaa ukiisha haujengwi. Mize akasema pia kwamba kiti ni cha kumbukumbu, na Faki hakumbuki hata alichokula asubuhi. Watu wakacheka kidogo, Faki naye akacheka. Kisha akasema ni kweli, hana kumbukumbu, na ndiyo maana hajawahi kumngoja mtu amtambulishe kwa adui ndipo aanze kupigana.

Siwatu hakusema mengi. Alisema wote watatu walipigana, lakini wawili kati yao wasingejua kuna vita kama mikono yake ingeshuka. Faki akamwomba radhi kwa neno lile la siku ya kwanza. Siwatu akasema radhi ameipokea, ila kiti bado anakitaka.

Mize alisema wasifanye mambo kuwa magumu. Wageni wakirudi, Machano ataweza kuwaua wakiwa tayari wamo ndani ya nyumba za watu. Yeye atawakamata njiani, kabla hawajagusa mlango. Akamgeukia Machano, na sauti yake ikashuka.

"Ndugu yangu, sisemi kukuumiza. Nikikaa mimi, hakuna mke wa mtu atakayelazimika kufungua dirisha lile tena."

 Lakini Siwatu akauliza, kwa upole, kama pingu za siku ya saba zingekuta mji, endapo vichochoro vingeendelea kupasuka tangu siku ya tano. Mize akafikiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akasema hapana, zisingeukuta.

Zamu ya Machano ikafika. Akaweka kibakuli chini, mbele ya Bi Mboja.

"Nilichelewa," alisema. "Niseme kabla hajasema mwingine. Nilisimama mbele ya nyumba yangu, na nilipokuwa nimesimama nyumba tisa zilishikwa. Nimezihesabu. Baadaye nilibisha, na baada ya hiyo nilibisha nyumba elfu mbili na mia nne. Sikuombi kiti kwa ajili ya hizo."

"Unakiomba kwa ajili ya nini?"

"Nikiyeyuka, hakuna mwingine aliyeuona mkono uliofungua dirisha. Faki hakumbuki. Faki, dada yako alikuwa na sauti gani?"

Faki alifungua mdomo, akatafuta, akakosa. Akaangalia chini.

Hapo Siwatu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema wamezungumza juu ya wanne, na walioshinda vita ni watano. Kichochoro kilikuwa kimefungwa, na wasomaji elfu wangepita wakarudi bila kusoma kitu. Mmoja alifungua, akijua kinachokuja, na wengine wakafungua kwa kumwona yeye. Kama kiti ni malipo, basi mwenye kulipwa si yeyote kati yao. Kibakuli kiwekwe juu ya kiti, kikae, ili kila nyumba mjini ijue kwa nini dirisha halifungwi.

Bi Mboja akasema kibakuli hakikumbuki adui. Wageni wakirudi, kitakaa tu, na mji utaanza tena siku ya kwanza, kwa harufu.

Siwatu akasema anajua. Na madirisha yakifungwa tena, akasema, Machano aliyekaa kitini atakuja kusoma nini?

Mlango wa mfupa ulikuwa umebakisha upana wa mkono. Faki alikuwa ameanza kuyeyuka miguuni. Siwatu alikuwa ameinua mikono bila kujua, kama bado ameshika kile kipande. Mize alitazama tanuri lake linavyopoa. Machano alitazama kibakuli. Bi Mboja akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine, kisha akayaondoa macho kwao na kuyatupa huku, kwetu, kwenu ninyi mlioketi kila mmoja na mji wake ndani yake, madirisha yake yakiwa wazi au yamefungwa, hamjui.

Kiti ni kimoja na mlango haungoji. Je, wewe ungemkalisha nani?